Siku Baba Alipoendesha Polepole

Ngozi ya kiti cha gari ikilowa mvua, kisha ikapigwa na jua, hutoa harufu ambayo siiwezi mpaka leo. Si harufu mbaya. Inakaribia ya kiatu kipya, na ndani yake kuna petroli kidogo na jasho kidogo. Mwezi uliopita mpwa wangu alioa hapa Karatu, vijana wakakodi gari la wazi kutoka Arusha la kumbebea bibi harusi. Wenzangu wote walikuwa wanapiga vigelegele, mimi nimeshika nguzo ya turubai natafuta pumzi. "Shangazi, vipi?" Nikasema presha. Mtu wa umri wangu akisema presha, huachwa kwa amani.

Na vijana wale walikuwa wanabishana, jamani! Kwamba gari la wazi zuri ni lile la kukata kona, hapana, ni lile la kutembea taratibu uonekane, hapana, ni lile dogo jepesi. Wamejifunzia kwenye simu. Nilitamani kuwaambia, nyamazeni, enyi watoto wa juzi, mimi nimekua na matatu ya aina hiyo, na nayajua yote kwa sauti.

Baba yangu alikuwa Mnyiramba wa Singida, aliyekuja kutafuta kibarua akabaki kuwa dereva wa shamba la kahawa kule Oldeani, juu ya Karatu. Mama alikuwa Mwiraqw, binti wa hapa hapa, mchuma kahawa. Mimi ndiye Paskalina wao, mtoto pekee kwa wakati huo, nikiwa na miaka kama kumi hivi. Ilikuwa miaka ya sabini. Mwenye shamba alikuwa Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Hata akiwa mbio kwenye gari lisilo na paa, kofia haikutikisika, nasi tulisema ameipigilia misumari.

Wazungu wengine walipenda mbwa. Huyu alipenda magari yasiyo na paa, katika nchi ya vumbi na mvua kama hii! Mlinzi wa shamba alipoyaona mara ya kwanza alimpa pole, akidhani yamepinduka yote na mapaa yamekatwa ili kutoa majeruhi. Yalikaa bandani nyuma ya ghala la kahawa, yamefunikwa magunia, na baba ndiye aliyeyaosha na kuyapasha moto injini kila Jumamosi.

Jekundu lilikuwa la Kiitaliano, limelala chini kama paka anayewinda. Hilo lilikuwa gari la mtu mwenye hasira: ukiligusa tu linaruka, na mlio wake ulisikika hadi kwenye nyumba za vibarua. La kijani lilikuwa la Kiingereza, dogo, lenye spring ngumu. Baba alisema ukikanyaga punje ya hindi na gari lile, unajua kama ni ya njano au nyeupe. Jeupe, la Kijerumani, lilikuwa refu na zito, lenye viti vya ngozi nyekundu na spring laini, gari la mzee anayetaka kufika bila kukunja koti. Nyuma lilikuwa na kikalio cha mtoto tu, mtu mzima hangeingia hata kwa kufinywa.

Baba alilidharau jeupe. Roho yake ilikuwa kwenye jekundu. Barabara ya katikati ya shamba ilikuwa imenyooka, na Jumamosi alilipeleka pale mpaka kahawa za pande zote mbili zikainama. Watu walimwita Upepo. Mama akimwambia haraka haraka haina baraka, baba alijibu kwamba waliotunga maneno hayo hawakuwa na gari. Mama alicheka. Alikuwa na kicheko cha kuziba mdomo na kiganja, nami nilikipenda mno.

Basi, ukaja msimu wa mvua ambao mama alikuwa mjamzito. Bwana Kofia alikuwa amekwenda kwao Ulaya, akamwachia baba funguo. Lori lilikuwa limepeleka kahawa Moshi. Landrova ilikuwa juu ya mawe, inangoja spea, na miaka ile spea ilingojwa kama posa ya mtu mwenye ng'ombe wengi. Uchungu ulimshika mama alfajiri. Hadi jua linapanda, kilio chake kilikuwa kimebadilika. Alikuwa anaita "Aayo! Aayo!" kwa Kiiraqw, akimwita mama yake mzazi, ambaye alikuwa ameshafariki.

Nesi wa zahanati ya shamba alitoka chumbani, akamvuta baba pembeni, karibu kabisa na pale nilipokuwa nimechuchumaa. Alisema mambo mawili. La kwanza, mtoto anachoka, mapigo ya moyo yanapungua, wawahi hospitali Karatu. La pili, mama anatoka damu, na akirushwarushwa barabarani itafunguka isifungwe tena. Mimi nililishika lile la kwanza tu. Wawahi! Nikakimbia bandani, nikavuta magunia kwenye gari jekundu, nikasimama pale nikimngoja baba, maana niliona ajabu ya Mungu kwamba siku hii tuna gari liendalo mbio kuliko yote katika wilaya.

Baba alifika, akanipita. Akafunua jeupe.

Nilidhani amechanganyikiwa. Turubai lake la kufunika lilikuwa limeliwa na panya zamani, na viti vilikuwa vimelowa kwa paa la banda kuvuja. Baba akaliwasha, akalisogeza hadi mlangoni kwetu. Walimlaza mama kwenye kiti cha mbele kilichoinamishwa nyuma, wakamfunika shuka jeupe, nami nikaingizwa kwenye kile kikalio ili nimshikilie kichwa, kwa kuwa nesi alikuwa na mtoto mwingine wa degedege mikononi. Baba akavaa kofia yake ya udereva. Sijui kwa nini aliivaa, labda mikono ilihitaji kazi.

Tukateremka. Enyi ndugu zangu, mtu aliyeitwa Upepo aliendesha kama anayebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni. Kila shimo alilizunguka. Kila bonde la maji alilishuka gurudumu moja moja. Nyuma yetu alikuja mzee mmoja na punda wake, akatupita, akatusalimia. Punda! Nilimchukia baba yangu siku ile kwa chuki safi ya mtoto, isiyo na hata tundu la huruma.

Mama alifumbua macho. "Baba Paskalina," akasema, "kimbiza gari."

"Nimesikia."

"Mtoto anakufa. Namsikia. Kimbiza kama unavyokimbiza kila siku."

"Nimesikia, Mama Paskalina."

"Umesikia nini, mbona huongezi?"

Hakuongeza. Jasho lilimtoka chini ya kofia na kudondoka kidevuni, wakati kulikuwa na baridi ya Oldeani inayokata masikio. Mama alimshika mkono ule wa kubadilishia gia, akausukuma mbele kwa nguvu alizobaki nazo. Baba akautoa mkono wake taratibu, akaurudisha palepale.

Sasa sikieni kilichotungoja njia panda, pale barabara yetu inapokutana na ile ya kutoka Ngorongoro.

Siku hiyo kiongozi mmoja mkubwa alikuwa anapita kwenda Wasso. Wanafunzi walikuwa wamepangwa barabarani tangu asubuhi, wameshika matawi. Kwaya ya akina mama ilikuwepo na ngoma yao, na wafugaji walikuwa wameshuka kutoka juu na mashuka mekundu. Walimu walikuwa wamewaambia watoto kwamba kiongozi atakuwa ndani ya gari la wazi, akipunga mkono. Na tazama, gari jeupe linang'aa linajitokeza, halina paa, linatembea polepole kwa heshima zake, dereva kavaa kofia, na kwenye kiti cha mbele mtu mwenye shuka jeupe ameinua mkono juu. Mama alikuwa ameukamata ukingo wa kioo kwa uchungu. Wao waliona anapunga.

Lo! Mlipuko wa vigelegele sijapata kuusikia tena. Walituzingira kabla baba hajajua la kufanya. Matawi yalipigwa kwenye boneti, ngoma ikaja hadi kwenye taa. Baba akapiga honi, na kadiri alivyopiga honi ndivyo walivyozidisha wimbo, wakidhani dereva amefurahi. Alipaza sauti, "Mgonjwa! Nina mgonjwa!" lakini nani asikie? Mtoto wa kike wa rika langu alipanda ubavuni akamvika mama shada la maua shingoni. Nilimsukuma kwa mguu akaanguka. Mama alikuwa amefumba macho, midomo imekuwa ya kijivu, na kichwa chake mikononi mwangu kilikuwa kizito kuliko tulipoondoka.

Aliyetuokoa ni kiongozi wa kwaya, Mama Sulle, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume. Alikuja akicheza, mabega yanatetemeka, akainama kumpa mama mkono. Akaona kiti. Ngozi ilikuwa nyekundu tayari, ila wekundu ule ulikuwa unatembea.

Hakupiga kelele. Aliinua mkono tu, na ngoma ikafa. "Wanaume, geukeni," akasema. "Akina mama, khanga."

Walizivua. Kila mmoja alikuwa na mbili, wakavua ya juu, wengine wakavua vitenge na mashuka, wakalizunguka gari wakinyoosha mikono juu, nguo kwa nguo, hadi gari lisilo na paa likapata kuta na dari. Baba alitolewa nje ya gari lake kama mtoto. Nilimwona kwenye mwanya mdogo kabla haujazibwa, amewapa mgongo, ufunguo mkononi. Mimi walinisahau kule nyuma, au waliona kichwa cha mama kinanihitaji. Ndani kukawa na mwanga wa rangi rangi, joto, harufu ya ngozi na damu.

Mtoto alizaliwa pale. Alikuwa wa kiume. Mama Sulle alimsugua, akampulizia, akamgeuza, akampulizia tena. Umati mzima nje ulikuwa umenyamaza, hata watoto wa darasa la kwanza. Nilingoja kilio chake kwa mwili wote. Nikasikia tu Mama Sulle akivuta pumzi kwa pua, kisha akamfunga kwenye khanga, uso pia.

"Bado huyu," akasema, akimwonyesha mama. "Dereva, njoo. Polepole hivyo hivyo ulivyokuja."

Wanafunzi walitangulia mbele ya gari. Sijui nani aliwaambia. Yale matawi ya kumpungia kiongozi waliyatandika kwenye mashimo, wakakimbia mbele, wakatandika mengine, na gari likapita juu yake kama linapita kwenye godoro. Msafara wa kiongozi mwenyewe ulitukuta hapo. Alishuka, akavua kofia, akasimama kando ya barabara kwenye tope, na hakuna aliyemwimbia. Tulifika hospitali. Daktari alisema angerushwa kidogo tu zaidi, tungemleta maiti.

Mama alipona, ila kicheko cha kuziba mdomo hakikurudi. Mungu aliwapa wazazi wangu miaka mingi, na mimi akanipa wadogo wawili. Lakini palikuwa na kitu nyumbani mwetu, kama jiwe chini ya mkeka: unalala, unajua lipo. Baba akiingia, mama aliinuka kupakua chakula. Maneno yao yalikuwa ya adabu mno. Bwana Kofia aliporudi aliyauza magari yote na baba hakwenda hata kuyaaga. Mimi nilikua nikiamini kwamba mama hakumsamehe uoga. Nilijua alikuwa dereva hodari wa barabara iliyonyooka, na siku ya siku akaogopa mashimo.

Nilikuja kupata akili siku nilipojifungua mwanangu wa kwanza, pale nilipolala nikihesabu nyufa za dari. Maneno mawili ya nesi yalinirudia, na safari hii yote mawili. Kukimbia kulikuwa kwa mtoto. Polepole kulikuwa kwa mama. Wote wawili walijua, mle ndani ya gari. Mama alisukuma ule mkono akijua anachokitoa, na baba akaurudisha akijua anachokiacha. Nililia mpaka mkunga akadhani nina homa.

Sikuwahi kumwambia yeyote. Kisha baba akafariki, naye mzee wa siku nyingi, tukamzika Karatu. Baada ya matanga, watu walipotawanyika, nilimkuta mama amekaa kwenye kitanda chake upande ule aliolala baba. Nikakaa karibu. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama alikuwa amemsamehe kwa ajili ya siku ile.

Aliukunja na kuukunjua upindo wa khanga.

"Alinichagua bila kuniuliza," akasema. "Nilimkasirikia maisha yangu yote, Paskalina. Na kila siku niliyomkasirikia, ni yeye aliyenipa."