Suruali ya Sentimita Nne

Mtoto wa kaka yake Shangazi alijiita Injinia, naye Shangazi alimwita hivyo hivyo, kama mtu anavyomwita mbwa wake Simba. Tangu aache chuo alishinda kwenye karakana ya ushonaji ya Shangazi, akinywa chai ya mafundi na kuwacheka.

"Bado mnakata kwa chaki?"

"Na chai yako bado tunaichemsha kwa moto," Shangazi alimjibu.

Kampuni moja ya ulinzi ilileta kitambaa chake cha kijivu, ikasema suruali za walinzi wake zikipendeza itampa Shangazi kazi ya mwaka mzima. Hapo Injinia akaibuka na programu ya kuendesha mashine mpya ya kukatia. Shangazi, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji, akakubali.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kulikuwa na orodha ya viuno vya walinzi. Kila kiuno kiongezwe sentimita nne za mshono. Injinia akaandika orodha, akaweka alama ya kujumlisha, akaandika nne, akaegemea kiti kama sultani. Kumbe lugha ya kompyuta aliyoitumia, ikikuta orodha na namba moja iliyo peke yake, haiongezi namba hiyo kwenye kila kiuno, huibandika mkiani. Viuno vikabaki vilevile, na nyuma yao akapanga foleni mlinzi mpya, mwenye kiuno cha sentimita nne.

Mashine haina haya. Ilimkatia na yeye.

Shangazi alikiinua kile kisuruali kwa vidole viwili. "Huyu analinda nini? Tundu la panya?"

"Shangazi, programu haina kosa. Labda vipimo..."

Shangazi alikwisha kuvipima vipande vingine. Vyote vilikosa nafasi ya mshono. "Funga mdomo. Suruali zote zitabana, na kitambaa cha watu kimekwisha!"

Akatafuta kitambaa cheusi, akakikata vipande vyembamba, yeye na mafundi wakavishonea ubavuni mwa kila suruali ili ipanuke. Injinia aliwatazama mpaka akachoka, akasinzia.

Msimamizi wa walinzi alipokuja, alipitisha kidole kwenye ule weusi. "Mama, mistari hii! Vijana wangu watafanana na maafisa. Kazi ni yenu."

"Nilimwambia Shangazi," Injinia akadakia kutoka kitini, "programu ikipangwa vizuri, ubunifu unakuja wenyewe."

Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Alizitema kiganjani moja moja ili amjibu, na kabla ya pini ya mwisho kutoka, Injinia alikuwa nje na msimamizi, akimpa namba yake ya simu.