Kisigino na Swali la Kambini

Maumivu yalinianza kambini, wiki ya pili ya kurina asali, asubuhi nilipoteremsha mguu wa kulia kutoka kitandani. Kitanda chenyewe ni fito na magome tu. Kisigino kiligusa ardhi, nikarudi kukaa. Ilikuwa kama nimekanyaga msumari, ila msumari haukuwepo. Nilijaribu tena, nikachechemea hadi kwenye moto, na kabla chai haijachemka maumivu yalikuwa yamepungua. Nikajiambia yamekwisha. Kesho yake yakarudi vilevile, kwenye hatua ya kwanza, na jioni baada ya kushinda porini yakaja mara ya pili.

Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mizinga yangu ilikuwa juu ya miti ambayo baba alituachia mimi na kaka yangu, mwendo mrefu kusini mwa Urambo, na siku ya kurina nilikuwa natembea tangu alfajiri nikiwa na kandambili zilizolika upande mmoja. Watu wa huku tuna majivuno ya miguu. Babu zetu walibeba mizigo ya misafara hadi pwani na kurudi, na sisi wajukuu tunajisifia safari ile kana kwamba tulikuwemo. Kwa hiyo mtu anayeumwa kisigino hana haraka ya kutangaza.

Niliamini ni mwiba uliokatikia ndani. Kaka, ambaye ndiye mkubwa wa kambi, alinichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia mpaka damu ikatoka. Hakukuwa na mwiba. Basi nikaingia kwenye tiba yetu. Sisi warina asali tuna dawa moja kwa kila kiungo: goti likiuma, nyuki, mgongo ukiuma, nyuki. Nilikamata watatu kwa mabawa, nikawabandika kisiginoni mmoja baada ya mwingine. Kisigino kilivimba, kikawasha, na kwa siku mbili sikuweza kujua kinachouma ni kipi. Nikahesabu kwamba nimepona, nikapanda miti mitano. Siku ya tatu sikuweza kufika kwenye moto bila fimbo.

Ndipo kaka aliponiuliza, mbele ya wenzetu wawili, "Mdogo wangu, nyumbani uliacha salama?"

Kwa asiyeijua kambi yetu, hilo ni swali la kawaida. Kwetu si la kawaida. Mrina asali akiwa porini, mke wake anatakiwa atulie nyumbani: asigombane na watu, asiingize mwanamume. Akivunja, mume ndiye anayeanguka mtini au kuumia, na hapo mkubwa wa kambi anauliza swali lile. Sikumbuki hata mara moja mwanamume kuulizwa kama yeye mwenyewe ametulia. Jibu ni moja tu, "Salama," na ukilitoa watu wanatafuta sababu nyingine. Usipolitoa, unarudi nyumbani, mwingine anarina miti yako, na hupandi tena mpaka ulete neno la kumsafisha mke wako. Yeye huko aliko jina lake limeshachafuka.

Nilijua yote hayo. Hata hivyo nilijibu, "Nitaangalia."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mguu ulikuwa unauma, na ilikuwa nafuu kwangu kosa liwe mahali pengine, si kwenye nyayo zangu. Isitoshe, mwaka ule mke wangu alikuwa ameanza kwenda mazoezi ya kwaya jioni, na mimi nilikuwa nimelinung'unikia jambo hilo moyoni bila kumwambia. Ni sababu ndogo, ya aibu, na sina nyingine.

Simu zilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu aliniwekea ugali na mlenda, akakaa mbele yangu, akaniacha nile. Kisha akasema, "Nimeambiwa kisigino chako kinauma kwa sababu yangu."

"Ni maneno ya kambini tu."

"Kaka yako alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia niliacha salama," nikasema. Nikadanganya hivyo, na tonge la ugali mkononi.

Aliniamini. Akasema kama ni hivyo watu wa kambini ndio wana lao jambo, na wiki ile ile akanipeleka Tabora mjini, hospitali. Kanisani kwetu wanawake wawili walikuwa wameshahama benchi lake. Hakunieleza yeye, nililiona mwenyewe Jumapili, na nikakaa kimya.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Aliniamkia, akanivua kandambili, akabonyeza kwa dole gumba sehemu ya mbele ya kisigino, upande wa ndani. Niliruka. Akasema hapo ndipo penyewe. Chini ya unyayo, alieleza, kuna utando mgumu unaoanzia kisiginoni na kutandaa hadi kwenye vidole, ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Ukivutwa kupita kiasi siku hadi siku unachanika kidogokidogo pale uliposhikia mfupa. Mtu akilala unakaza. Asubuhi anausimamia na uzito wake wote, unavutika ghafla, na ndiyo maana hatua ya kwanza inakuwa mbaya kuliko zinazofuata. Akaniuliza natembea kiasi gani, navaa nini, napandaje miti. Nilipomwonyesha ninavyosimama juu ya kamba ya kupandia kwa katikati ya unyayo, alitikisa kichwa.

Mke wangu akauliza, "Daktari, ugonjwa huu unaweza kuletwa na mtu mwingine?"

"Hauambukizi, mama," alijibu yule binti, bila kujua alichoulizwa. "Unatokana na kazi yake na viatu vyake."

Nilitazama ukutani. Mke wangu alishukuru mara mbili.

Tiba ilikuwa ndogo ndogo na ya kuchosha. Nisitembee peku, hata ndani ya nyumba. Ninunue viatu vyenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, kandambili niziache. Chupa ya maji iliyogandishwa niiviringishe chini ya unyayo jioni. Tulikuwa tunaigandisha kwenye friji ya jirani. Nisimame nimeegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, mpaka misuli ya shavu la mguu ivutike. Na kubwa kuliko yote, asubuhi kabla mguu haujagusa sakafu, vidole vivutwe kuelekea juu, kwenye muundi wa mguu, taratibu, kuhesabu hadi thelathini, mara kadhaa. Binti alimfundisha mke wangu namna ya kushika, akasema nikiwa peke yangu nipitishe kanga chini ya vidole nijivute. Alituonya kwamba ni kazi ya miezi, wala tusikate tamaa.

Basi kila asubuhi mke wangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka kisigino changu pajani na kuvuta vidole. Alihesabu kwa sauti ya chini. Wakati mwingine alinitania kwamba mjukuu wa wapagazi amekuwa bwana harusi. Sijawahi kuhudumiwa hivyo, na sijawahi kuona aibu kama ile. Kila alipofika thelathini nilitaka kumwambia. Alipoanza tena moja, niliona heri nisubiri hadi mwisho, na mwisho ukifika anainuka kwenda jikoni.

Mwezi wa nne wa tiba niliweza kutoka kitandani nikatembea kama watu. Msimu wa pili wa asali ulikuwa unakaribia. Mke wangu akaniletea simu uani. "Mpigie kaka yako. Mwambie daktari alivyosema. Weka sauti kubwa, na mimi nisikie."

Sikuweza kukataa bila kutoa sababu. Nilipiga. Nilimsimulia kaka habari ya utando, ya kandambili na ya kamba. Alisikiliza vizuri. Akasema miti yangu ipo, njoo tu.

"Na nyumbani niliacha salama," nikasema.

Kaka akauliza, "Sasa si ungesema hivyo siku ile? Nilikuuliza mbele ya watu, wewe ukasema utaangalia. Mimi ningefanyaje? Mpe pole shemeji."

Nilikata simu. Mke wangu alichukua simu yake, akaifuta kioo kwa kanga, akaingia ndani. Mchana kutwa alifanya kazi zake, na usiku alilala akielekea ukutani.

Asubuhi nilikaa kitandani nikanyoosha mguu kama kawaida. Alikuwa ameshavaa. Alinitupia kanga magotini.

"Vuta mwenyewe," akasema, akatoka kwenda kuwasha moto.