Vera, Shusha Dirisha, na Sinia la Nyama

Siku tulipomzika marehemu Gordon Pascoe, mwenyekiti wa zamani wa klabu yetu ya kuviringisha matufe kwenye majani, familia iliomba upigwe wimbo alioupenda. Ukapigwa. Ulipofika mwisho, waombolezaji tisini na kitu walitia mikono mifukoni kwa pamoja, wakatoa walichokikuta, leso, miwani, hata ratiba ya mazishi yenyewe, wakamkodolea macho mchungaji wakisubiri ataje namba.

Hivyo ndivyo Port Pirie, mji wetu huku Australia, ilivyomtendea Desmond Trembath, mwenye wimbo ule na mwanamuziki pekee tuliyewahi kuwapa walimwengu.

Baba yake Des aliyeyusha madini ya risasi kiwandani kama baba wa kila mtu. Des mwenyewe alipelekwa bucha. Mchana akikata mbavu za kondoo, jioni akipiga gitaa na wenzake watatu wenye suti za aina moja na nywele za aina moja, bendi ikiitwa Kasuku wa Waridi. Mwaka 1965 walikwenda Adelaide wakarekodi "Vera, Shusha Dirisha." Msichana yuko ndani ya treni, mvulana yuko nje, dirisha limefungwa. Ndiyo hadithi yote. Kwa dakika mbili na sekunde tisa Vera anaombwa ashushe dirisha mara ishirini na sita, na hashushi.

Nchi ikapata wazimu. Adelaide wimbo ulishika nafasi ya nne, Perth ya pili. Broken Hill ulikaa kileleni miezi mitano, ingawa wasema kweli wanadai redio ya kule ilikuwa na santuri tatu tu, na moja ilikuwa na ufa. Wasichana walipiga mayowe mpaka mpiga ngoma akawa hasikii ngoma zake, jambo lililomsaidia. Mmoja wao alimng'oa Des mkono wa shati. Upo maktaba yetu mpaka leo, ndani ya kabati la kioo, umeandikwa "Mkono wa Trembath." Watoto wa shule hupelekwa kuuona.

Kisha serikali ikaleta bahati nasibu yake. Vita vilikuwa Vietnam, na vijana wa miaka ishirini waliandikiwa tarehe zao za kuzaliwa kwenye vigololi, vikatiwa ndani ya pipa, pipa likazungushwa. Tarehe yako ikitoka, unakwenda. Ya mpiga ngoma ikatoka. Ya mpiga besi ikatoka. Zawadi haikuwa nyama, kama katika bahati nasibu ya klabu yetu. Nyama ilikuwa wao. Walirudi wazima, lakini mmoja hakutaka tena kusikia kitu chochote kikipigwa, na mwingine akaenda kufuga nyuki.

Mwenzao wa tatu naye akaacha muziki. Des, peke yake, akaipelekea kampuni ya santuri wimbo mpya. Wakausikiliza mpaka mwisho. "Mzuri," wakasema, "ila humu Vera hayumo."

Hakuwemo kweli. Wimbo ule ulikuwa wa Lorraine, binti aliyefunga nyama kwa magazeti pale bucha. Des akautia ndani ya sanduku la gitaa, akamwoa Lorraine, akarudi kukata mbavu.

Mwaka 1974 klabu ikaanzisha bahati nasibu ya nyama, kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni: unanunua tikiti, namba yako ikitajwa unabeba sinia la nyama. Des ndiye aliyeleta sinia kutoka bucha, basi Voula Karvelas, katibu wakati ule na katibu hata leo kwa kuwa hakuna anayethubutu kuitisha uchaguzi, akamwambia aimbe kidogo watu watulie. Akaimba "Vera." Namba ikatajwa. Ijumaa iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata, kwa miaka arobaini na mitano, mpaka masikio ya mji mzima yakaamini kwamba dirisha lile lina nyama nyuma yake.

Lorraine hakukosa hata Ijumaa moja. Alikaa meza ya mbele na tikiti yake moja, na hakuwahi kushinda hata soseji.

"Miaka hamsini naishi uke wenza," alimwambia Des Februari ya 2019, akimenya viazi. "Na mwenyewe hata dirisha hashushi, mshenzi yule."

"Mke wangu, Vera hayupo. Nilimbuni."

"Wa kubuni ana wimbo. Mimi niliyekufulia mashati ya damu sina."

"Unao. Uko kwenye sanduku."

"Hata maiti ziko kwenye sanduku, Des. Ijumaa tunatimiza hamsini. Usiponiimbia Ijumaa, usije ukaniimbia kaburini. Huko nitakuwa nasubiri namba kama wenzangu."

Des akaenda kwa Voula.

"Dada Voula, Ijumaa naimba wimbo mwingine."

"Kwani unao mwingine?"

"Tangu sitini na nane."

"Basi umeshaoza, ukautupe. Baba, watu wamezoea. Ukimbadilishia wimbo Trevor Kneebone, mwanachama wetu mkongwe, yule si atakufa?"

"Lorraine ataniacha."

Voula akamtazama. "Imba. Ila joto ni nyuzi arobaini na mbili, nyama hainisubiri. Ukimaliza nataja namba, uwe umeimba Vera, uwe umeimba bata."

Ijumaa ikafika. Des akapanda jukwaani, akashika gitaa, akaimba kuhusu vidole vinavyofunga uzi kwenye gazeti, na jinsi alivyokuwa akikata vipande vidogo vidogo ili binti yule awe na vingi vya kufunga. Sauti ilimkatika mara mbili.

"Kapatwa na kiharusi?" Trevor alinong'ona.

"Anaimba," jirani yake akajibu.

"Anaimba nini? Vera yuko wapi?"

Wimbo ukaisha. Watu mia mbili wakatulia tuli na bia zao, wakisubiri wimbo uanze.

Voula akachomoa namba kwenye ndoo, akaitaja mara tatu kama kanuni isemavyo. Kimya. Akairudisha, akachomoa nyingine. Kimya. Akataja namba tofauti kumi na nane, tikiti za washindi zikiwa zimelala mifukoni kwa amani, kwa sababu hakuna mtu Port Pirie anayetoa tikiti kabla Vera hajaombwa mara ya ishirini na sita.

"Themanini na nane, tikiti ya rangi ya waridi!"

Pale mbele Lorraine alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akayafuta, akatazama tikiti yake. "Ni mimi hapa."

Akapewa sinia.

"Wizi!" Trevor akaruka. "Wimbo haujaimbwa!"

"Nimetaja namba kumi na tisa, Trevor. Hebu itazame yako."

Trevor akaitazama: ilikuwa mojawapo ya zilizotajwa. Akaketi.

Des akainama ukingoni mwa jukwaa. "Umeuonaje?"

"Ubeti wa pili umeuvuta mno," Lorraine akasema, sinia mapajani. "Kesho urudie nyumbani."

Ukumbi sasa ulikuwa ukigonga meza: "Ve-ra! Ve-ra!" Des akamtazama mkewe.

"Waimbie," Lorraine akasema. "Wanatia huruma."

Des akaimba "Vera." Mara ya ishirini na sita mikono mia mbili ikazama mifukoni, tikiti zikatoka, macho yote kwa Voula. Naye, maskini, mazoea yakamshinda: akatia mkono kwenye ndoo, akataja namba. Ilikuwa ya Trevor Kneebone. Akaja mbele mbio, akanyoosha viganja viwili, akangoja.

Hakukuwa na kitu. Voula akatazama dari.

Lorraine akainua karatasi ya sinia lake, akachomoa soseji moja, akamwekea kiganjani.

"Hiyo," akamwambia, "imetoka kwa Vera."