Kazi ya Mgeni

Dada yangu Kavindu ni muuguzi, na hilo ndilo kosa lake la pekee. Angekuwa mshonaji watu wangemwacha apumzike, maana hakuna anayegonga mlango wa mshonaji alfajiri kumwambia suruali imepasuka. Lakini muuguzi! Tulikuwa tumepanga Uthiru, ploti yenye milango mingi, na kila mlango ulikuwa na mgonjwa wake. Kavindu anarudi kutoka zamu, miguu imemvimba, hajavua hata viatu, mara hodi. "Sista, hebu niangalizie huyu mtoto." "Sista, hii dawa ninywe kabla ya chakula ama baada?" Jirani mmoja alimletea kuku anayekohoa. Nilimfukuza yeye na kuku wake, na dada akanigombeza mimi. Halafu nyumbani Mwala wanapiga simu: presha ya mama imepanda, kidonda cha mjomba hakikauki, na wewe sista unasemaje?

Watu hawana haya, na nitalisema hata wakinisikia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwaka huo wa 2006 nilikuwa nauza mifereji ya bomba na misumari katika duka la akina Lalit, River Road. Lalit ni rika langu. Baba yake alimwachia duka, lakini moyo wake haukuwa kwenye misumari. Binamu yake alikuwa amemletea kutoka ng'ambo mchezo ambao watu wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu fulani katika nchi ya mazimwi. Msimulizi anawaeleza mnachokutana nacho, nyinyi mnasema mnafanya nini, na dadu inaamua kama mmeweza. Kila mhusika ana aina yake, mpiga upanga au mlozi au mwizi au mganga, na aina hiyo ndiyo inayosema anaweza nini na nini kimemshinda. Lalit aliziacha zile za kitabu kilichokuja na mchezo akaanza kubuni zake, kwa Kiswahili. Kitabu kiliziita "class", na tulibishana sana tuziiteje. "Tabaka" lilinuka siasa, "darasa" lilitukumbusha viboko. Mwishowe tukaziita kazi. Kazi yako ni gani? Mimi ni mwizi. Tulicheka sana siku hiyo.

Lalit alikuwa na kanuni moja, na alinihubiria hata tukiwa tunapima waya wa mteja. "Kila kazi lazima ijibu swali: huyu ni wa nini? Mpiga upanga ni wa kuzuia kipigo. Mwizi ni wa kufungua kilichofungwa. Ukiona kazi haina jibu, itupe."

Tulicheza Jumapili alasiri kwao, Muthangari, Lalit akiwa msimulizi. Wa tatu wetu aliitwa Wangu, muuza mapazia wa jirani na duka letu, mwanamke mwenye sauti ya kuita wateja hata akiwa sebuleni. Nilimpeleka Kavindu huko ili apate walau alasiri moja kwa wiki bila mgonjwa. Ndicho nilichomtakia, si zaidi. Hajaketi vizuri, Wangu akamwuliza anafanya kazi wapi, akamjibu.

"Aah, wewe ni sista! Basi wewe ndio mganga wetu. Tulikuwa tunakosa."

Basi akawa mganga. Wangu alikuwa anarukia kila zimwi na upanga wake bila kutazama nyuma, kisha anageuka: "Kavindu, niponye!" Na Kavindu anarusha dadu kwa uso uleule anaofungulia mlango kule Uthiru. Siku moja akaomba upanga na yeye. Tukajaribu. Tulikufa wote kwenye pango la pili, na Wangu akanuna hadi chai ikapoa. Jumapili iliyofuata Kavindu alirudi kwenye uganga bila kuambiwa.

Tulipofika nyumbani siku hiyo alikaa kitandani na mkoba wake magotini. "Musili, mimi huko sirudi. Kama ni kuponya watu, kazini hata wananilipa."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Asiporudi Muthangari, Jumapili yake ingekuwa ya majirani.

Kesho yake nilimwambia Lalit. Alisimama na mfereji mkononi, mteja akimngoja.

"Hilo ni kosa langu," akasema. "Nimetengeneza mchezo ambao bila mganga watu wanakufa. Hapo nimemfunga mtu kwenye kiti. Mwambie aje mara moja tu. Nitampa kazi mpya."

Dada alikuja kwa ajili yangu, na macho mekundu ya zamu ya usiku. Lalit alijikohoza kama mchungaji.

"Kazi yako inaitwa Mgeni. Mgeni haponyi, hapigani, haibi. Akiingia mahali, hata kama ni kwa zimwi, siku mbili lazima apewe maji, chakula na pa kulala, na hakuna wa kumgusa. Siku ya tatu anapewa jembe."

Kavindu alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwenye meza ile. Ingekuwa heri Lalit angeishia hapo, lakini mbunifu akipata wazo zuri hajui kunyamaza.

"Na kuna hii," akaendelea, anajipenda kabisa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeyote anayemkaribisha, vidonda vyake vinafunga."

Tukaanza. Pigano la kwanza tu, Wangu alijeruhiwa, na Wangu si mjinga. Akavuta kiti. "Kavindu, kuja ukae hapa na mimi. Mimi ndio mwenyeji wako. Usifanye kitu, wewe kaa tu." Kidonda kikafunga. Pigano la pili, kiti kikavutwa tena. "Karibu mgeni! Kaa, kaa hapa!"

Kavindu aliweka dadu chini.

"Lalit, hata nikikaa tu? Hata nikikaa tu, bado mnapona?"

Machozi yalimtoka na hakuyafuta, alituangalia tu, na mimi nilitamani nimchukue turudi nyumbani, ila nyumbani nako mnakujua.

Lalit alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Nimefuta," akasema. "Hiyo ya kuponya nimefuta. Kuanzia sasa kila mtu atajifunga kidonda chake mwenyewe. Ukijifunga, unapoteza zamu yako ya kupigana. Lakini hufi."

"Ngoja," akasema Wangu. "Sasa Kavindu atakuwa wa nini? Si ni wewe unasemanga kazi haina jibu itupwe?"

Lalit aliiokota dadu ya Kavindu. "Si wa kitu," akasema. "Ni mgeni."

Tukaendelea polepole. Wangu alijifunga mkono kwa kipande cha pazia, akapoteza zamu, akalalamika, akajifunga tena. Kavindu alifika nyumbani kwa zimwi lenye vichwa viwili, na ikabidi limchotee maji ya kunawa. Lalit alitueleza uji uliokorogwa kwa ajili yake, ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa karibu na moto, blanketi lenye harufu ya moshi. Alieleza kwa sauti ya chini, bila haraka, na alipofika kwenye mto wa usufi tuliona Kavindu ameegemea kochi, mdomo wazi kidogo, amelala.

"Hiyo siku ya tatu," Wangu akanong'ona, "leo usiifikishe."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Chanchal, mama yake Lalit, ameshika mashine yake ya kupimia presha.

"Iko wapi ile sister? Mimi nataka yeye pime mimi kidogo tu."

Lalit alianza kuinuka, lakini Wangu alimtangulia. Alikwenda hadi mlangoni akasimama pale na mapana yake yote.

"Auntie, leo hapa hakuna sista."

"Na ile nalala ni nani?"

"Huyo ni mgeni."

Chanchal alichungulia juu ya bega la Wangu, akaitazama ile miguu iliyovimba kwenye soksi. Akateremsha mashine ubavuni.

Nafikiri ni ukimya wenyewe uliomwamsha Kavindu. Alikurupuka, mkono mmoja tayari unatafuta viatu chini ya kochi.

"Ni nani mgonjwa?"

"Hakuna," Wangu akasema.

Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayejua kuna mmoja anaficha homa. "Hakuna kabisa?"

"Hakuna mtu mgonjwa, Kavindu. Lala."

Akaviacha viatu, akalala.