Glavu Nilizompelekea Niliyemkata Vidole

Nilikosa mimi. Simsingizii shetani, wala pombe, ingawa siku ile nilikuwa nimekunywa.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya minofu vilipofunguliwa hapa Mwanza, sisi wachuuzi tukawa tunagombania sangara mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kama mbwa. Mwenzangu mmoja, nimwite Masanja, aliniwahi kwa wavuvi wangu. Nikamkata panga. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikabaki mchangani!

Mahakama ya wilaya ikaniachia huru. Hakimu alisema mashahidi wanapingana. Na mahabusu mmoja, mzoefu wa kesi, alikuwa ameshanifundisha kwamba mtu akiachiwa hashtakiwi tena kwa kosa lile lile. Weee, nikavimba kichwa!

Mama akaniambia, "Mwanangu, mshukuru Mungu, ukae kimya."

"Mama, kesi imekufa hiyo! Hata nikitangaza redioni kwamba nilimkata, watanifanya nini?"

Nikanunua glavu, zile za kushikia samaki, nikampelekea Masanja kwake Ilemela. Wakwe zake walikuwa wamekaa sebuleni.

"Pole na kazi, bwana. Nimekuletea glavu. Ya kulia utaipunguza mwenyewe."

Nikacheka peke yangu. Masanja aliziweka tu mezani.

Kumbe kabla ya glavu zile alikuwa ameshaamua kumwachia Mungu! Kesho yake akabadili nia, akaenda kwa wakili wa serikali, na siku za kukata rufaa zilikuwa bado hazijaisha.

Mahakama Kuu nilisimama kwa kiburi. "Mheshimiwa Jaji, mimi nilishaachiwa. Sheria inakataza kunishtaki mara mbili!"

"Hujashtakiwa mara mbili," jaji akasema taratibu. "Hii ni rufaa. Kesi ni ile ile, ilikuwa haijaisha."

Akasema ushahidi ulitosha tangu mwanzo. Miaka mitano!

Mama alikuwa akija gerezani Butimba kila mwezi, mpaka mwaka wa tatu akafariki. Habari ilinifikia ameshazikwa. Mimi ndiye mwanawe pekee wa kiume, na sikushika hata koleo. Naumia mpaka leo!

Wewe uliyeachiwa juzi, unayewanunulia watu bia, nenda nyumbani ukanyamaze. Usidanganywe na sheria za mahabusu. Na kama kweli ulifanya, kamwombe uliyemuumiza msamaha mapema.

Mimi nilikwenda baada ya kutoka. Nilipiga magoti mlangoni kwa Masanja, nikasema yote huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema, akafunga mlango.