Siku Nilipokuwa Redio ya Darasa la Tatu

Ni nani aliyewafundisha? Swali hili nimetembea nalo tangu siku ile na hadi sasa sijapata jibu, ingawa nimesoma hadi chuo kikuu na kazi yangu inanitaka niwe na majibu kwa watu wazima wenye mashamba. Ni nani aliyewafundisha watoto wa darasa la tatu kusema uongo kwa sauti moja, bila kupanga, bila hata kutazamana, kwa ajili ya kunificha mimi? Mwalimu wao ameniapia kwamba si yeye, na namwamini. Wazazi wenzangu nikiwauliza wanacheka tu, maana kwao kitu cha kukumbukwa ni mimi kutolewa stoo nikiwa na pumba za mahindi kichwani. Siwalaumu, kwa sababu hilo nalo lilitokea, na hapa nitalieleza na aibu yake yote.

Kijiji chetu kiko upande wa Kilolo, juu, ambako ukungu huweza kukaa hadi saa nne na mtu akasikika akikusalimu kabla hujamwona. Mimi ndiye bwana shamba wa hapo. Kwa kuwa nina digrii, wazazi walinichagua mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya shule (sikugombea, nilichelewa kufika mkutanoni nikakuta nimeshapita). Wakati huo vipindi vya shule vilikuwa vikirushwa redioni, na shule zenye redio zilisifiwa kwenye kila mkutano wa elimu. Yetu haikuwa nayo. Basi wazazi walilima shamba la pareto la shule, akina mama wakachuma maua kwa vidole vyao siku za baridi, tukauza, tukanunua redio yenye mkoba wa ngozi, pamoja na betri zake kubwa. Tuliifungia kabatini, na ufunguo nikakabidhiwa mimi, msomi.

Aliyejua kuitumia hasa alikuwa Mwalimu Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi. Kabla ya kipindi aliandika ubaoni maneno magumu watakayoyasikia, na baada ya kipindi aliwauliza maswali hadi jasho likawatoka. Binti yangu Yustina, aliyekuwa darasani mwake, alianza kuongea nyumbani kama mtangazaji na kumwagiza mama yake asikilize kwa makini. Sekela alikuwa ameanzia kazi huko Chunya, kwenye vumbi, wakati mumewe akifundisha shule iliyo ng'ambo ya bonde letu. Tangu waoane walikuwa wakionana likizo hadi likizo, mpaka maombi yake ya uhamisho yalipokubaliwa. Huyo ndiye mtu aliyekuwa na kitu cha kupoteza katika mkasa huu. Sisi wengine tulikuwa na heshima zetu tu.

Ijumaa moja jioni alikuja nyumbani Mzee Kikoti, mwenyekiti wa kijiji.

"Kamwene, mnyalukolo," alinisalimu kwa Kihehe, akiniita ndugu, akakaa bila kukaribishwa, kama ilivyo haki ya mzee. "Nipe huo ufunguo wa kabati. Nataka kusikiliza taarifa ya habari. Redio yangu inaumwa."

"Mzee, ile ni redio ya watoto."

"Kwani mimi sikuzaliwa?"

Tulicheka. Nikampa ufunguo. Mnaweza kuniuliza kwa nini, nami nitawaambia kwamba mtu aliyekaa miaka mingi darasani akarudi kwa watu wake hutumia nusu ya maisha yake akiwathibitishia kwamba hajawa na kiburi, na mimi ufunguo ule niliutoa kwa sababu hiyo na si nyingine. Jumatatu aliurudisha, akanishukuru, nami sikwenda kutazama.

Jumanne asubuhi kabla ya kengele tukaletewa habari kwamba mkaguzi wa shule yuko njiani kutoka Iringa, anakuja kuona somo la redio. Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye semina, shule ilikuwa mikononi mwa Sekela. Nilimpelekea ufunguo, akafungua kabati. Redio ilikuwepo, imefutwa vumbi vizuri, na tumboni haikuwa na kitu. Duka la kijiji halikuwa na betri (miezi hiyo duka lilikuwa na rafu na muuzaji, basi). Na kila mtu alijua betri zilikokwenda, kwa sababu tangu Jumamosi tochi ya Mzee Kikoti ilikuwa ikimulika hadi kilima cha pili.

Nilimkuta uwanjani akiwapanga akina mama wa kuimba.

"Mzee, zile betri."

"Betri gani?"

"Za redio."

"Ah, zimekufa hizo. Ng'ombe wangu alikuwa anazaa, nikamulika, nikamulika, ndama kakataa kutoka." Akageuka kwa waimbaji. "Bwana Shamba, mgeni yuko njiani, wewe unaniuliza habari za betri?"

Nilirudi kwa Sekela. Yeye alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa jibu sahihi. "Tumwambie mkaguzi kwamba betri hakuna. Nitafundisha kwa ubao."

"Atauliza zimekwenda wapi."

"Tutamwambia."

"Mzee ataaibika mbele ya watu, Mwalimu."

"Na mimi, je?"

Nikamwambia aniachie mimi. Ninayakumbuka maneno hayo kuliko yote niliyosema mwaka ule.

Wazo langu lilikuwa hili. Darasa la tatu limepakana na stoo ya shule, na ukuta wa katikati ni wa mbao zilizoachana kidogo kwa juu. Redio ingewekwa juu ya meza iliyosukumwa hadi ukutani, ikafunikwa kitambaa chenye darizi, na mimi ningekaa stoo na kitabu cha mwongozo wa mwalimu, ambamo somo zima limeelezwa, nikalisoma kwa sauti ya mtangazaji. Kanisani huwa nasoma somo la kwanza na watu husema nina sauti ya redio. Hata wakati huo, nikipita kwenye pumba kutafuta gunia la kukalia, nilijiona mwerevu. Sekela hakukubali wala hakukataa; aliitwa nje, mgeni alikuwa amefika.

Nilisikia nyimbo, vigelegele, hotuba ya Mzee Kikoti kuhusu jinsi kijiji kinavyothamini elimu, kisha viti vikiburutwa darasani. Sekela akasema kwa sauti kavu, "Watoto, sikilizeni," na kitufe kikalia. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kila kipindi hufunguliwa kwa muziki. Nikapiga mluzi. Mtu mwenye digrii, baba wa watoto, amekaa juu ya gunia katikati ya majembe, anapiga mluzi wa kufungulia kipindi. Nikaupiga wote, hata ile sehemu ya ngoma niliigonga gotini.

"Hamjambo watoto wa darasa la tatu?"

"Hatujambo!"

"Leo tutazungumza juu ya maji ya kunywa. Kwa nini tunayachemsha maji?"

"Kuua vijidudu!"

Walijibu kwa furaha, nami nikanogewa. Nikaanza kuongeza mambo yasiyokuwemo kitabuni, nikawaeleza habari za chemchemi, za vyoo, za minyoo, na sauti yangu ikazidi kupanda. Sikuona kilichokuwa kikitendeka upande wa pili. Nilisimuliwa baadaye na Sekela. Mkaguzi, mtu mnene mpole aliyevaa kaunda suti, aliona redio inasikika juu mno, akanyoosha mkono apunguze sauti. Haikupungua. Akazungusha tena. Kisha akaizima kabisa, na redio ikaendelea kueleza hatari za minyoo. Akaondoa kitambaa, akageuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia. Mimi bado nilikuwa nauliza, "Na kabla ya kula tunafanya nini?" na watoto, wakiiona redio ikiwa mikononi mwa mkaguzi, imepasuliwa tumbo, wakajibu kwa nguvu zile zile, "Tunanawa mikono!"

Ndipo nikasikia sauti ya kiume, ya polepole. "Watoto. Nani anaongea?"

Nikafunga kitabu.

"Redio, mzee!" Darasa zima.

"Redio hii?"

"Ndiyo, mzee!"

"Wewe hapo mbele, simama. Nani alikuwa anaongea?"

Nikasikia dawati likilia na mtu mwepesi akisimama. "Redio, mzee." Alikuwa Yustina.

"Mbona sasa imenyamaza?"

"Imemaliza kipindi, mzee."

Hakusita. Ninawaambia, mtoto ambaye kila usiku anaisikia sauti hii ikimwambia akalale hakusita hata kidogo.

Stoo ina mlango mmoja, unaofungukia uwanjani walikosimama wazazi. Nikasikia viatu vikizunguka jengo. Nilikuwa na nafasi ya kujificha nyuma ya magunia, na niliijaribu (basi mjue yote), lakini gunia la juu lilikuwa wazi na likanimwagikia. Mlango ukafunguliwa. Mkaguzi alinitazama nilivyo, mweupe kama mtu aliyetoka mashineni kusaga, kitabu mkononi.

"Shikamoo, redio," alisema.

Kicheko kilichotoka uwanjani sijawahi kukisikia tena. Akina mama walikaa chini. Mzee Kikoti alicheka hadi akashikilia ukuta, akafuta machozi, akasema, "Bwana Shamba! Na digrii yako!" Hata leo vijana wananiita Redio, na mke wangu akiwa na hasira huniambia nipunguze sauti.

Mkaguzi peke yake hakucheka. Aligeuka kwa Sekela, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa darasa na chaki mkononi. "Mwalimu, shule uliachiwa wewe," alisema. "Ulikotoka Chunya bado wanahitaji walimu. Nitalala hapo chini Kilolo, kesho nikifika Iringa nitaandika barua." Akapanda Landrova. Sekela alirudi darasani, nikamsikia akiwaambia watoto watoe madaftari.

Alasiri kamati ya wazazi ilikaa. Nilidhani tutazungumzia jinsi ya kumwokoa mwalimu. Mzee Kikoti alizungumza wa kwanza, na alizungumza kwa upole.

"Huyu Bwana Shamba ni mtoto wetu. Mwalimu ni mtu wa kuja, leo yupo, kesho hayupo. Mkaguzi akiuliza, wazo lilikuwa la mwalimu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," walisema wote kwa pamoja.

Wote, nami nikiwemo. Sauti yangu nzuri ilisikika vizuri kabisa katikati ya zao. Wengine katika kikao kile ni akina mama waliochuma pareto ya kununulia betri zile. Sikuona hata mmoja aliyemtazama mzee machoni, na mzee alifunga kikao kwa kutushukuru kwa umoja wetu.

Nyumbani nilikaa mezani sikuweza kula. Yustina alikuja akasimama kando ya kiti changu, mikono nyuma, kama alivyosimama mbele ya mkaguzi.

"Baba, tulijibu vizuri?"

Nikamtazama. Hakuwa na hofu, wala hakuwa na aibu. Alikuwa akingojea kusifiwa, kama anavyongojea akileta daftari lenye alama za vema. Nikamuuliza nani aliwaambia wajibu vile. Akaonekana kutolielewa swali. "Hakuna," alisema. "Mkaguzi si mgeni?" Kisha akauliza tena, polepole zaidi, kana kwamba mimi ni mzito wa kusikia: "Tulijibu vizuri, Baba?"

Nikamwambia akalale, na kabla hajafika chumbani nilikuwa nimeshaamua.

Asubuhi niliondoka kabla ukungu haujapanda, nikashuka kwa miguu hadi nyumba ya wageni ya serikali pale Kilolo. Mkaguzi alikuwa barazani na fulana, karai la maji ya moto mbele yake, ananyoa ndevu. Mpishi alikuwa akimpangia chai, na dereva alikuwa ameinamia injini. Hapakuwa na namna ya kuomba tuongee faraghani bila kuonekana nimekuja na hila nyingine, basi nikasema pale pale.

"Mzee, wazo la jana lilikuwa langu. Mwalimu Sekela alitaka uambiwe ukweli, mimi nikamzuia. Na betri zilichukuliwa na mwenyekiti wa kijiji, kwa ufunguo niliompa mimi."

Aliendelea kunyoa upande mmoja hadi mwisho. Akasuuza wembe.

"La kwanza nilikuwa nalijua," alisema. "Hili la pili sema tena, polepole, na jina lake."

Mpishi alikuwa ameacha kumimina chai. Yeye ni wa kijijini kwetu, amemwoa binti wa dada yake Mzee Kikoti. Nikalisema tena, polepole, na jina lake.