Kukumbatiana Mara Nne

Huwa nakasirika nikisikia watu wakisema kwamba miaka ya tisini vijana wa Bomet walikosa pesa za sanaa. Pesa zilikuwepo. Ilibidi tu mtu achomewe nyumba kwanza, ndipo wafadhili waje na gari lao jeupe.

Tulikuwa watano: walimu watatu wa shule za msingi, mimi nikiwa mmoja wao, karani wa kituo cha kununulia majani chai, na mpiga picha mmoja wa Sotik aliyekuwa na kamera ya video ya kupigia harusi. Tulitaka kutengeneza filamu kuhusu vibuyu vya maziwa. Mama yangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alikisugua kibuyu ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet mpaka kikanukia, na mursik yake, maziwa ya kugandisha, ilikaa wiki kadhaa bila kuharibika. Wanawake wa rika lake walikuwa wanazeeka, na mabinti zao, mimi nikiwa wa kwanza, tulikuwa tumehamia kwenye majagi ya plastiki. Niliandika ombi la kurasa sita, nikalipia lipigwe taipu mjini Bomet, nikalituma Nairobi kwa shirika lililojitangaza kwamba linasaidia urithi na filamu za wananchi.

Walijibu kwamba wazo ni zuri, ila kipaumbele cha mwaka ule ni amani. Tukaitwa semina katika hoteli moja ya Kericho, ambako afisa wa miradi, mwanamke wa umri wangu mwenye viatu visivyojua matope, alitufundisha kuandika upya. Siku mbili tulikula kuku na kurudia neno maridhiano. Mkono mtupu haulambwi, na wa yule mwanamke haukuwa mtupu. Kila tulipokuwa tumeandika vibuyu tukaandika amani. Bajeti hatukuigusa, hata ile sehemu ya kununua mkaa, na hakuna aliyeuliza amani inataka mkaa wa nini.

Walitaka wanawake wawili kutoka pande mbili zilizopigana. Nikajaza jina la mama na la jirani yetu wa zamani. Sikumuuliza yeyote kati yao.

Watu wa jirani huyo walitoka Kisii kabla sijazaliwa, wakanunua shamba lililopakana na letu. Yeye na mama walipanda chai mwaka mmoja, wakasimama foleni moja ya kupimiwa majani, na ng'ombe wetu akikauka tulikunywa maziwa ya kwake. Mwaka wa vurugu za kikabila nyumba yake ilichomwa na watu wa kwetu. Alitoroka na watoto wake wakiwa na nguo walizovaa tu. Tangu hapo aliishi kwa kaka yake, ng'ambo ya Sotik. Mama hakwenda kumwona hata siku moja, wala hakunieleza kwa nini. Nilidhani ni aibu tu, ile tuliyokuwa nayo sote upande wetu.

Nilipomwambia mama habari ya filamu, alikataa. Nikamjia juu. Nilimwambia anatuharibia watu watano kwa ukaidi wake, na nikamuuliza ni Mkristo gani anayeogopa kumsalimia mwenzake. Alinisikiliza huku akichambua mboga. Mwishowe akasema atakuja, lakini akiulizwa kitu, atajibu ukweli. Sikumuuliza ukweli gani. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka.

Jirani naye nilimfuata kwa kaka yake. Hakunikaribisha ndani. Alisema angekuja kwa sababu afisa amemwahidi mabati, na nisije nikajidanganya kwamba kuna sababu nyingine.

Tulipiga filamu asubuhi, pale kwenye kituo cha majani chai. Kwetu wanawake wazima husalimiana kwa mkono, tena mkono wa kushikana kwa muda mrefu. Afisa hakutaka mkono, alitaka kukumbatiana, kwa kuwa ndiko kunakoeleweka Ulaya. Basi wakakumbatiana, vifua vikiwa mbalimbali. Mara ya kwanza jua lilikuwa upande mbaya. Mara ya pili lori la chai likapiga honi. Mara ya tatu afisa akalalamika kwamba hawatabasamu. Mimi nilisimama kando na karatasi zangu, nikiwaamuru wanawake wawili walionilisha nikiwa mtoto warudie tena.

Mara ya nne jirani hakumwachilia mama. Alimshika mabega, akasema kwa sauti yake ya kawaida, kamera ikiendelea:

"Wewe ulijua. Hiyo jioni uliita watoto yako kutoka kwangu mapema. Yangu ukaacha."

Nilikumbuka. Aliyetumwa kuwaita wadogo zangu nilikuwa mimi. Niliwakuta wakila mahindi na watoto wake, nikawashika mkono, nikaaga vizuri, bila kujua chochote.

"Nilijua," mama akasema. "Ndugu yangu alinikujia saa kumi akaniambia wanakuja kukuchomea. Niliogopa watanichomea na mimi. Nikanyamaza."

Jirani alimtazama sana. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja useme," akasema.

Afisa akaamuru kamera izimwe. Ilipozimwa, jirani alinyoosha mkono, mama akaushika, na wakasimama hivyo muda mrefu. Hiyo hatukuipiga picha.

Kanda tulizipeleka Nairobi kuhaririwa. Afisa alieleza, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, kwamba maneno ya mara ya nne yanavuruga ujumbe, na kwamba hela za awamu ya pili zitatoka filamu ikishapitishwa. Hakuyatoa yeye. Aliniachia mimi kiti na mashine, akaenda kunywa kahawa. Nilichukua mkumbatio wa pili, nikafuta honi, nikaweka kwaya ya kanisa juu yake. Ningeweza kusema nililazimishwa, lakini hakuna aliyenishika mkono. Nilitaka jina langu lionekane mwishoni mwa filamu, nalo lilionekana.

Tuliionyesha Jumamosi mchana katika darasa la shule yangu, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi na jenereta ikinguruma nje. Mzungu mmoja wa shirika alifuta machozi. Watu walipiga makofi, mwalimu mkuu akaomba filamu nyingine kama hiyo. Mama alikaa benchi la mbele mpaka ikaisha, akanisubiri nje karibu na tangi la maji.

"Pale tuliongea, mmepeleka wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia kanda iliharibika. Uongo huo ulinitoka haraka, kama niliokuwa nimeufanyia mazoezi. Mama akauliza kama jirani amepewa nakala yake.

Nilimwambia ndiyo, nakala ilipelekwa juzi pamoja na mabati, na kaka yake ana video.

Alifunga leso yake vizuri kichwani, akatazama barabara inayoelekea Sotik.

"Basi ataona nimenyamaza tena," akasema.